Kichwangomba, Kitabu na Roboti

Hapa Kampala husikika mara nyingi ya kwamba kipindi cha mazoezi ya viungo ni wakati unaopotea, hasa mtihani unapokaribia. Mimi ni mwanafunzi wa fizikia, tena ni mmoja wa wale wanaopinduka kwenye magodoro jioni. Nataka kuonyesha kwamba kupinduka huko ni somo, na kwamba wako wataalamu waliolichukua somo hilo wakalitia katika roboti.

Tuanze na kichwangomba. Mtu akiruka, kiwiliwili chake kikapanda nusu mita, hukaa hewani sekunde 0.64 tu. Wenye kalamu na wapige hesabu wenyewe. Katika muda huo hana kitu cha kushika wala cha kusukuma. Nguvu ya mzunguko aliyoondoka nayo ardhini ndiyo atakayotua nayo. Lakini kasi ya mzunguko aweza kuibadili kwa umbo la mwili wake. Akijikunja, magoti kifuani, huzunguka kwa kasi mara tatu ya yule aliyenyooka, au zaidi. Akijikunjua, kasi hupungua, naye hutua kwa miguu. Asipojikunja, kwa mruko uleule atatimiza theluthi tu ya mzunguko, na kichwa kitakuwa kimeelekea chini.

Kanuni hii haibagui nyama na chuma. Mwaka 1990, huko Marekani, Jessica Hodgins na Marc Raibert walieleza habari za roboti yao ya miguu miwili iliyopiga kichwangomba. Ilikimbia, ikaruka, ikafupisha miguu yake hewani kama sisi tunavyokunja magoti, kisha ikairefusha ili itue. Lakini roboti ile ilishikwa na mtaimbo isiweze kuangukia ubavuni. Je, ingeachwa huru ingekuwaje?

Hapo yafaa uchukue kitabu, ukifunge kwa mpira kisifunguke. Kwanza, kirushe kikizunguka kama sahani, kitatulia. Pili, kirushe kikizunguka kama penseli inayoviringika, kitatulia pia. Tatu, kirushe ili upande wa juu upinduke kwenda chini, kama mtu anayepiga kichwangomba. Hata ukijitahidi vipi, kitajipindua ubavu, na jalada lililokuwa mbele mara nyingi litarudi mkononi limegeuka. Kosa si la mkono wako. Kila kitu cha namna hii kina mihimili mitatu ya kuzungukia, na ule wa katikati, usio mwepesi kupita yote wala mzito kupita yote, hautulii. Mwili wa mtu ulionyooka hupiga kichwangomba juu ya mhimili huohuo wa katikati.

Basi mbona mwanajimnastiki hapinduki ubavu kama kitabu? Swali hilo lilimshika Robert Playter, ambaye alikuwa mwanajimnastiki wa Chuo Kikuu cha Ohio State kabla ya kusomea udaktari katika chuo cha MIT. Katika tasnifu yake ya mwaka 1994 alionyesha kwamba mikono ikiwa na ulaini wa springi, si migumu kama gogo, yenyewe huupinga ule mpinduko na kuutuliza. Alitengeneza kidoli chenye mikono ya springi, kikarushwa na kuzunguka bila kompyuta yoyote kukiamuru kila dakika. Maana yake ni hii: si kila kitu huamuriwa na ubongo; mwili uliojengwa vizuri hujiongoza wenyewe.

Playter baadaye alifanya kazi na Raibert katika kampuni ya Boston Dynamics. Mwaka 2017 roboti yao Atlas, yenye kimo cha mita moja na nusu, ilipiga kichwangomba cha kinyumenyume ikatua kwa miguu. Mwaka 2019 ikasimama kwa mikono na kubingirika.

Sasa narudi kwetu. Mtaala mpya wa sekondari wa Uganda, ulioanza mwaka 2020, uliiweka elimu ya viungo, pamoja na Kiswahili, katika masomo ya lazima ya madarasa mawili ya kwanza. Lakini kuandikwa katika ratiba ni jambo moja, na kufundishwa ni jambo jingine. Kipindi kikigeuzwa kuwa cha marudio ya mtihani, tutakariri kanuni ya mzunguko bila kuijua mwilini.

Kwa hiyo nawaomba walimu wasikiache kipindi hicho kimezwe. Nanyi mliomaliza shule, magodoro yetu yamechakaa. Atakayeleta hata moja atakuwa ameleta kifaa cha maabara. Na wadogo zangu msijaribu kupinduka juu ya saruji, wala pasipo mwalimu. Kitabu kikianguka huokotwa. Shingo haina ya akiba.