Maji ya mchicha usiyamwage

Ukichemsha mchicha kisha ukaukamua, yale maji ya kijani yanayokwenda karoni ni sehemu ya mboga uliyoilipia. Vitamini C na vitamini nane za kundi B huyeyuka katika maji. Zikishatoka kwenye jani, nyingi hubaki humo humo sufuriani, na anayemwaga maji huzimwaga nazo.

Mwili nao hauziweki sana akiba. Zikizidi, figo huzitoa kwa mkojo. Ndiyo maana aliyemeza vidonge vya vitamini B hukojoa manjano iliyokolea, rangi ya B2. B12 peke yake ndiyo ini huitunza hata kwa miaka. Hizo nyingine zinataka kuliwa kidogo kidogo, siku kwa siku, na kazi ya kuzilinda huanzia sokoni.

Osha kwanza, kata baadaye. Kila mahali kisu kinapopita, jani hufunguka na kuvuja. Sukuma wiki iliyokatwa tayari inaokoa muda, lakini vitamini C yake hupungua kadiri inavyokaa hewani, na ukifika nyumbani utaiosha tena ikiwa vipande. Nunua fungu zima. Ukikosa, hiyo iliyokatwa ipike siku hiyo hiyo.

Maji kidogo, mfuniko, moto mfupi. Mchicha na matembele yana maji yake. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga ikiwa bado na matone ya kuoshea, funika, uiepue baada ya dakika chache ingali kijani. Vitamini C na foleti (B9) ndizo zinazoshindwa upesi na joto, kwa hiyo pika ya kutosha mlo mmoja kuliko kupasha kiporo mara mbili tatu. Kisamvu usikifanyie hivyo: kibichi kina sumu ya sianidi, lazima kitwangwe na kuchemka sawasawa. Vitamini C ya siku hiyo itafute kwenye tunda.

Magadi yaache. Hulainisha maharage haraka na kuipa mboga rangi ya kupendeza, lakini huharibu B1 na vitamini C. Loweka maharage usiku kucha. Maji ya kulowekea yamwage, maana kuyamwaga hupunguza gesi tumboni, kisha chemsha kwa maji mapya hadi yaive barabara. Mchuzi wake usiumwage.

Usiikoboe nafaka hadi ibaki wanga mtupu. Miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa Java, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, kisha wakapona walipopewa mchele wenye ganda lake la ndani. B1 ilikuwa kwenye lile ganda. Kwa hiyo dona ina faida kuliko sembe, na mchele mweupe usiusugue maji baada ya maji. Pika kwa maji yatakayokauka, usichemshe ukachuja.

Hata dona isiliwe peke yake. B3 iliyomo kwenye mahindi imefungika, mwili hauipati kwa urahisi. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa kwa maelfu na pelagra, ugonjwa wa kukosa B3, ngozi zikibabuka, baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao wa mahindi. Karanga, maharage au dagaa pembeni ya ugali ndiyo kinga.

Kitu kibichi kila siku. Mtu mzima anahitaji vitamini C miligramu 45 hadi 90 kwa siku, kutegemea mwongozo unaofuatwa. Gramu 100 za pera zina zaidi ya 200. Chungwa, kwa uzito huo huo, kama 50. Pera la mtini nyuma ya nyumba linatosha kukiweka kiseyeye mbali. Ndimu ikamulie kwenye maharage au mboga ikiwa tayari sahanini, isipitie motoni. Vitamini C yake itausaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai iahirishe kama saa moja, kwani huzuia chuma hicho hicho.

Wanaohitaji zaidi ya sahani. Mwanamke anayetarajia kushika mimba ameze asidi ya foliki, yaani foleti ya vidonge, mikrogramu 400 kila siku kabla ya mimba. Mfereji wa neva wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo, mara nyingi mama hajajua kama ni mjamzito, na foleti ikipungua mtoto yuko hatarini kuzaliwa na mgongo wazi. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa naye atafute B12 kwenye vidonge au chakula kilichoongezwa virutubishi. Mboga za majani hazina.

Na ikiwa leo umeshachemsha mchicha kwa maji mengi, chuja, weka chumvi kidogo na ndimu, uyanywe yakiwa moto. Usipoyapenda hivyo, yaongeze kwenye mchuzi wa maharage.