Somo la Robo Mwaka: Anayekwenda Mkutanoni na Anayebaki Nyumbani



Tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, kamati kadhaa zimetuuliza swali moja. Mbona akina mama wengi wanaingia katika uongozi wa kijiji kwa moyo, lakini baada ya kipindi kimoja hawaonekani tena? Wengine wameuliza kuhusu vijana: wazazi wanawakataza wasiguse siasa, wakisema inavunja nyumba. Tumeona vema somo la robo hii lijibu maswali hayo kwa pamoja.

Tuseme mapema kwamba shirika letu halina chama wala mgombea. Tunaposema siasa tunamaanisha kazi yote ya kuamua mambo ya jamii: halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji, baraza la ardhi, na pia vyama kwa yule anayependa. Kazi hiyo ni njema. Swali letu ni moja tu: mtu akitoka kwenda kuifanya, kazi aliyoiacha nyumbani inakwenda kwa nani?

Tulichokikuta wenyewe

Mwaka 2023 tulikwenda kijiji kimoja cha uwanda wa Ufipa kumpiga picha mama mmoja mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Alikuwa pia katika kamati ya parokia, na alikuwa mwezeshaji wetu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Tulitaka picha yake iwe mfano kwa wengine.

Tulimkuta hajarudi mkutanoni. Aliyetupokea ni mama mkwe wake. Uani alikuwepo mjukuu, msichana wa Darasa la Nne, amebeba mdogo wake mgongoni huku akichochea moto. Ilikuwa Alhamisi, saa 5 asubuhi.

Tulimwamkia bibi, tukamwambia tumekuja kwa ajili ya picha ya mkwewe. Akatujibu kwa upole: "Karibuni, wanangu. Mama mtampiga picha akija. Lakini mikutano yenu aliyeibeba ni huyu mtoto."

Tulinyamaza. Baadaye, kwa ruhusa ya wazazi, tuliongea na mwalimu wa darasa. Siku nyingi alizokosa mtoto yule zililingana na siku za mikutano ya mama yake, na baadhi ya siku hizo zilikuwa za semina zetu sisi. Mwisho wa mwaka hakufaulu upimaji wa Darasa la Nne, akakariri darasa. Katika taarifa zetu tulikuwa tumeandika kwamba mama amewezeshwa. Juu ya mtoto hatukuandika neno.

Hilo ni kosa letu, na tunalisema ili tujifunze wote. Mzigo wa nyumbani hauishi kwa sababu mtu ameteuliwa. Unahama. Usipoamuliwa nani aubebe, unamwangukia yule asiyeweza kukataa, na mara nyingi huyo ni bibi mzee au msichana mdogo.

Andiko la kutafakari: Kutoka sura ya 18

Wengi tunakumbuka sura hii kwa shauri la Yethro. Alimwona mkwewe Musa akiamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia jambo hilo si jema, kwa kuwa atachoka yeye na watu pia. Akamshauri kuweka viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi.

Tunachosahau ni mwanzo wa sura. Yethro hakuja mikono mitupu. Alikuja na Sipora, mke wa Musa, na watoto wao wawili, Gershomu na Eliezeri. Musa alikuwa amewarudisha kwa babu yao wakati yeye akishughulika na ukombozi wa taifa. Kwanza mzee aliikutanisha familia, na kesho yake ndipo akatoa shauri la uongozi.

Tuangalie mambo matatu. Kwanza, kizazi cha wazee kililea watoto ili kizazi cha kati kifanye kazi ya taifa. Pili, mzee huyohuyo ndiye aliyesema kwamba mpango ule haufai kudumu. Tatu, hakumwambia Musa aache uongozi. Alimwambia agawe.

Kizazi cha uhuru

Nchi yetu ina mifano inayojulikana. TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata Mwalimu Julius Nyerere aliacha kazi ya ualimu pale Pugu ili aitumikie TANU, na mshahara wa mwalimu ukakoma. Walikuwa wamefunga ndoa na Mama Maria mwaka 1953, na watoto walikuwa wadogo. Mama Maria, naye mwalimu kwa mafunzo, alifanya biashara ya duka dogo Dar es Salaam ili nyumba iendelee. Tunapoadhimisha uhuru wa 1961 tunataja hotuba na safari za Umoja wa Mataifa. Duka lile nalo lilikuwa sehemu ya kazi ya uhuru.

Mfano wa pili ni Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926. Kuanzia 1955 aliongoza wanawake wa TANU, akazunguka nchi akihamasisha na kuandikisha wanachama. Ndoa yake ya wakati ule haikudumu. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wanawake wa TANU, alionyesha kwamba wengi wa viongozi wao wa Dar es Salaam walikuwa wanawake wa makamo, wengi wakiwa wameachika au wana watoto wachache. Maana yake ni kwamba waliopata nafasi ya kujitoa zaidi ni wale ambao nyumba haikuwashika sana. Mama mwenye watoto wadogo na mume asiyependa mikutano, hata kama alikuwa na kipaji, huenda alibaki jikoni, na historia haikumwandika.

Tukitazama kamati zetu leo tutaona jambo lilelile. Tuhesabu ni akina mama wangapi wenye watoto wachanga wamo. Wakiwa hawamo, tusiseme kwamba hawapendi kuongoza kabla hatujawauliza.

Kizazi cha vyama vingi

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, jaribu jipya liliingia nyumbani: baba chama hiki, mtoto chama kile. Hata nyumba ya Mwalimu ilipita hapo. Katika uchaguzi wa 1995 Mwalimu alimpigia kampeni Benjamin Mkapa wa CCM. Mwaka huohuo mwanawe, Charles Makongoro Nyerere, alichaguliwa mbunge wa Arusha Mjini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Baadaye alirudi CCM, na mwaka 2023 aliteuliwa Mkuu wa Mkoa wetu wa Rukwa.

Hatumtaji ili tusifu kuhama chama au kutohama. Tunamtaja kwa ajili ya wazazi wanaotuambia kwamba kijana akishika kadi tofauti amemtukana baba yake. Mtoto anaweza kumpinga baba kwenye sanduku la kura na bado akamwamkia asubuhi. Kinachovunja nyumba ni kejeli mezani na kunyimana msaada. Kadi yenyewe ni karatasi.

Kizazi chetu na urithi wa Ufipa

Wafipa wana urithi mzuri katika jambo hili. Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu familia za Nkansi, ameeleza jinsi mtoto aliyeachishwa kunyonya alivyohamia kwa bibi na babu na kulelewa huko. Ulezi haukuwa kazi ya mama peke yake.

Lakini tusijifariji kwa urithi bila kuangalia hali ya sasa. Bibi wa leo bado ana shamba lake, na mara nyingi analea wajukuu wa watoto waliokwenda Mbeya au Dar es Salaam kutafuta kazi. Mjukuu wa zamani alikuwa huru kumsaidia bibi mchana kutwa. Wa leo anatakiwa awe darasani. Tukisema "bibi yupo", mara nyingi tunamaanisha "msichana yupo".

Sheria nayo imeongeza mahitaji. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na robo yao angalau wawe wanawake. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao angalau wanawake. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Ni haki kubwa iliyopatikana. Lakini sheria imetenga kiti mkutanoni tu. Haijasema nani atateka maji siku ya kikao. Hilo wametuachia sisi.

Mambo matano ya kufanya

1. *Kikao cha familia kabla ya fomu.* Kabla mtu hajagombea au hajateuliwa, nyumba nzima ikae. Andikeni kazi za siku ya mkutano: maji, kuni, chakula, mtoto mchanga, mifugo. Mbele ya kila kazi andikeni jina. Jina la mtoto wa shule likitokea saa za masomo, pangeni upya. Jina la baba lisipotokea popote, pangeni upya pia.

2. *Muulizeni bibi.* Asidhaniwe. Aseme mwenyewe anaweza siku gani, na kazi gani hawezi tena. Mtoto naye aulizwe.

3. *Heshimuni saa.* Mkutano uliotangazwa saa 4 ukaanza saa 7 umemwibia mtu saa tatu za kazi yake. Wakati wa kulima na kupalilia, kamati ipange vikao mchana, watu wakitoka shambani.

4. *Gawaneni vyeo.* Mtu mmoja asiwe na vyeo zaidi ya viwili katika kijiji na parokia. Mama mwaminifu tunamwongezea kila kazi kwa sababu hakatai. Hilo ndilo Yethro alilolikemea. Mwekeni kijana wa kujifunza pembeni yake.

5. *Kwa wahisani na kwetu sisi.* Bajeti ya semina iwe na fungu la mlezi wa watoto na uji wao, pale pale penye semina. Fomu yetu ya taarifa sasa ina swali: "Siku ya semina nani amebaki na kazi za nyumbani?" Fungu hilo ni dogo, lakini tunawaomba mlione kuwa ni gharama halali ya uongozi bora.

Mwisho wa habari ya nyumba ile

Tulirudi kwa yule mama. Hatukumwambia aache uongozi, na bibi hakutaka aache. Bibi alisema kwamba kisima cha kijiji kilitengenezwa kwa sababu mkwewe alisimama mkutanoni akauliza fedha ziko wapi. Familia ilikaa. Baba alikubali kubaki nyumbani siku za vikao, jambo ambalo mwanzoni lilimpa taabu mbele ya wenzake. Bibi alisema ataweza kukaa na mtoto mdogo hadi adhuhuri, ila maji hawezi. Mama aliacha cheo kimoja, kile cha kwetu. Sisi tulihamisha semina zetu kutoka Alhamisi kwenda Jumamosi.

Msichana alipoulizwa alijibu kwa sauti ndogo: "Alhamisi tuna Hesabu." Hakuongeza neno.

Alikariri Darasa la Nne mwaka 2024, akafaulu. Mwaka mmoja wa shule haukurudi. Novemba ile mama aligombea tena, akachaguliwa. Safari hii tulimpiga picha pamoja na wote wa nyumba ile, na nakala tukawaachia waibandike ukutani.

Wakulima wetu wanajua kutengeneza intumba. Mvua zinapoelekea mwisho wanafukia majani chini ya tuta la mviringo, yaoze, na msimu unaofuata wanalibomoa tuta na kusambaza udongo wenye rutuba shambani. Kazi ya mwaka huu inalisha mwaka ujao. Uongozi wetu nao uwe hivyo: ulishe kizazi kinachofuata, usile siku zake za shule.

Maswali ya kujadili katika kamati na jumuiya

1. Katika kamati yetu, nani ana vyeo zaidi ya viwili? Nani anabeba kazi zake za nyumbani?
2. Je, kuna mtoto anayekosa shule siku za mikutano yetu? Tutajuaje?
3. Akina mama wenye watoto wachanga wangependa mikutano iwe saa ngapi? Nani atawauliza, na lini?
4. Wazee wanaotulelea watoto tumewahi kuwashukuru hadharani?
5. Katika nyumba zenye vyama tofauti, tunakubaliana maneno gani yasisemwe wakati wa chakula?

Tunaomba kila kamati ichague jambo moja kati ya yale matano, ilijaribu kwa miezi mitatu, kisha ituandikie lililofanikiwa na lililoshindikana. Yote mawili yatatusaidia. Mungu awabariki ninyi, na wale waliobaki nyumbani mnaposoma somo hili.