Negativu za zamani: zimetengenezwaje, na uzitunzeje

Huenda nyumbani kwako Kikatiti ipo bahasha ya studio yenye vipande vya mkanda: negativu za ubatizo, za harusi, za babu aliyekwisha kufariki. Usizitupe. Ukijua zimetengenezwa kwa nini, utajua na namna ya kuzitunza.

Mkanda ni kitu gani?
Ni plastiki nyembamba iliyopakwa utando wenye madini ya fedha. Plastiki ya mikanda mingi ya kamera hutokana na selulosi, yaani nyuzinyuzi za miti au pamba, iliyotiwa dawa ya jamii ya asidi ya siki.

Fedha inaingiaje?
Kiwandani, fedha huyeyushwa kwa asidi kali, kisha hukutanishwa na chumvi ya bromidi ndani ya jelatini ya moto. Jelatini ni ute unaopatikana kwenye mifupa na ngozi za ng'ombe. Hapo hutokea chembe ndogo mno zinazobadilika zikipigwa na mwanga. Hata malisho ya ng'ombe yalikuwa na athari: mwaka 1925 Samuel Sheppard, mtafiti wa Kodak, alieleza kuwa jelatini fulani ilinasa mwanga vizuri zaidi kwa sababu ya salfa iliyotokana na mimea ya haradali waliyokula.

Mbona hatutengenezi hapa?
Utando hupakwa gizani, kwenye chumba kisicho na vumbi hata chembe. Mkanda wa rangi huwa na tabaka zaidi ya kumi, na zote kwa pamoja ni nyembamba kuliko unywele. Baada ya kupakwa, jelatini hupozwa igande, hukaushwa, ndipo mkanda hukatwa upana wa milimita 35 na kutobolewa pembeni. Viwanda vya namna hii ni vichache duniani: cha Kodak kipo Rochester, Marekani, na cha Harman kipo Mobberley, Uingereza. Studio zetu zilinunua mkanda uliokwisha kutengenezwa, kazi yao ikawa kupiga na kusafisha picha.

Nizihifadhi wapi?
Joto huozesha plastiki, na unyevu huotesha ukungu kwenye jelatini. Kwa hiyo usiziweke darini chini ya bati, wala jikoni. Tia kila kipande kwenye bahasha safi ya karatasi, uzipange kwenye boksi ndani ya kabati la chumba chenye ubaridi. Mfuko wa nailoni uliofungwa haufai, kwa kuwa hubana unyevu ndani. Shika kingo tu. Vumbi la kiangazi liondoe kwa brashi laini, usisugue kwa kitambaa wala usioshe kwa maji.

Nitajuaje zinaharibika?
Nusa. Harufu ya siki ni dalili kwamba plastiki imeanza kuoza, na mvuke wake huharibu negativu za jirani. Zitenge, uzinakili kwanza. Zinazofuata ni za rangi, maana rangi hufifia mapema kuliko picha nyeusi na nyeupe.

Nitanakili vipi, kwa gharama gani?
Njia ya bure huhitaji simu mbili. Moja ifungulie ukurasa mweupe wenye mwanga mkali, weka juu yake kioo safi kilichoinuliwa kidogo, kisha negativu. Piga kwa simu ya pili, halafu tumia programu ya picha kugeuza rangi.

Ukitaka ubora zaidi, panda gari uende studio za Arusha mjini. Kabla ya kukabidhi kitu, uliza: mna skana ya negativu, au ya karatasi tu? Bei ni kwa picha moja au kwa mkanda mzima? Nitapewa faili, au picha zilizochapwa tu? Anza na kipande kimoja. Ukiridhika, peleka vilivyobaki.

Nakala zihifadhi sehemu mbili, mfano kwenye flashi na kwa ndugu mwingine. Negativu zenyewe zirudishe kabatini: simu ikiibiwa, utanakili tena.