Dondoo Muhimu: Kuogelea au Kunyanyua Vyuma?

Kwa mkazi wa Kibaha atakaye siha njema, kuogelea kwamfaa zaidi iwapo magoti humuuma au mwili wake umekuwa mzito, kwa sababu maji huubeba uzito na viungo vikapata nafuu, ilhali moyo na mapafu hufanya kazi barabara. Lakini bwawa liwe safi na lenye mwangalizi, wala asithubutu kujitosa katika Mto Ruvu, wenye mamba na viboko, wala katika madimbwi yaliyotuama, ambamo kichocho huambukizwa.

Vyuma navyo vina fadhila ambayo maji hayana: huimarisha mifupa, jambo lililo aula kwa wazee, hasa wanawake waliokoma hedhi. Anza na uzito hafifu.

Shirika la Afya Duniani lausia dakika zisizopungua 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, pamoja na siku 2 au zaidi za kuitia misuli nguvu. Kwa hiyo, kwa rai yangu, mwenye wasaa achanganye yote mawili, na asiye na nauli ya kufikia bwawa atembee kwa haraka alfajiri, kisha anyanyue madumu ya maji nyumbani. Mwenye maradhi ya moyo aonane kwanza na tabibu, kama vile pale Hospitali ya Tumbi.