SAYANSI-KIMU NI SOMO LA NYUMBA IPI?



Katika darasa hili twapenda kusema juu ya somo ambalo wazee wengi hulidharau, nalo ni lile liitwalo Sayansi-kimu katika shule za Kenya. Jina lenyewe ni zuri kuliko wengi walivyolifahamu. Kumkimu mtu ni kumtosheleza mahitaji yake: chakula, maji, nguo na makazi. Waliosoma fiqhi watakumbuka mlango wa nafaqa, na neno letu "nafaka" limetoka huko huko. Basi yule apimaye mtama jikoni yumo ndani ya mlango huo, ajue asijue.

Mzazi wa Lodwar huuliza: "Je, nimpeleke binti yangu skuli akafundishwe kupika? Kwani mama yake hajui?" Hili ni swali la haki, nalo lataka jawabu.

Somo hili lilipoingia katika nchi zetu lilikuja na nyumba yake. Unguja, skuli ya serikali ya wasichana iliyofunguliwa mwaka 1927 ilifundisha mapishi na ushoni pamoja na Kurani, na kwa hayo wazazi wakaridhika kuwatoa binti zao. Kenya, mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilianzisha Maendeleo ya Wanawake, nayo ikafundisha kushona, kupika na kulea. Hatuyakanushi manufaa yake. Lakini nyumba iliyokuwa ikifikiriwa katika mafundisho mengi ya namna hii ni nyumba yenye meza, kitambaa cha meza, na tanuri la kuokea keki. Mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985 ukalitia somo hili katika skuli za msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likatolewa huko. Mtaala mpya ukalirejesha. Na mwaka 2024 likaunganishwa na kilimo katika madarasa ya juu ya msingi. Limetoka na kuingia namna hii, wala si wengi waliouliza: ni nyumba ya nani inayofundishwa?

Sasa tumjibu mzazi. Ni kweli, mama wa Kiturkana alikuwa na ilimu yake, wala haikuwa ndogo. Alijua kuyagandisha maziwa yakawa akibuk, na kuyaanika juani hatta yakawa unga mkavu waitwao edodo, ukawekwa kwa siku za dhiki. Alijua kuikausha nyama isioze. Alijua tunda la mkoma, na kusuka vikapu kwa majani yake. Lakini ilimu ile ilisimama juu ya mifugo. Ngamia na mbuzi walipokufa kwa ukame, khasa misimu ile ya mvua iliyokosekana mfululizo tangu mwisho wa mwaka 2020, watu wengi wakasogea mjini mikono mitupu. Binti aliyelelewa Lodwar hana cha kuanika. Yeye hununua dukani kwa kipimo, mara nyingi kwa deni, na mama yake hakufundishwa na mtu hesabu ya deni.

Basi somo na lianze hapo. Tuseme kipimo cha mafuta cha mililita 50 ni shilingi 20. Vipimo 20 ni lita moja. Atakuwa amelipa shilingi 400. Mwanafunzi na atumwe dukani aitazame bei ya chupa ya lita, arudi aeleze mama amepoteza kiasi gani, na nyumba nne zikichanga zitaokoa kiasi gani. (Sisi wenye maduka hatutalipenda somo hili, lakini lazima tulistahamili.)

Na maji kadhaalika. Mto Turkwel wapita Lodwar, na wengi huchota katika visima vya mchangani. Kitabu husema: chemsha. Mwenye kununua makaa kwa kopo hachemshi, huacha tu. Basi afundishwe njia ya jua, ambalo Mwenyezi Mungu hakutunyima katika nchi hii: maji yatiwe katika chupa safi ya plastiki inayoonyesha, isiyozidi lita 2, ilazwe juani tangu saa 3 ya asubuhi hatta saa 9 ya mchana, siku ya mawingu, iachwe siku mbili. Maji ya tope hayafai mpaka yatulie na kuchujwa. Ama floraidi iliyomo katika maji ya Ziwa Turkana na ya baadhi ya visima, ile itiayo meno rangi ya kahawia, haiondoki kwa jua wala kwa kuchemsha, na mwanafunzi yapasa aambiwe wazi. Na kufunika chombo usiku twalijua sote, kwani tumeamrishwa na Mtume (S.A.W.), lakini ingia nyumba kumi uhesabu mitungi iliyo wazi.

Twende sasa Kakuma. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, kisha wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo na wengineo. Na mwaka 2016 ukaongezwa mji wa Kalobeyei. Chakula cha msaada kimepunguzwa mara kwa mara miaka hii. Huko hesabu ya jikoni si mchezo. Tuchukue mfano: nyumba ya watu 6 imepewa kilo 24 za mtama kwa siku 30. Hiyo ni gramu 800 kwa siku, gramu 133 kwa kila mtu. Mama akipika kilo moja kwa siku, mtama utakwisha siku ya 24, na siku 6 ni za njaa. Lakini mtama haukusagwa, na kuni hazikuja nao. Akitoa kilo 2 kwa mwenye kinu, na kilo 3 kwa mama wa Kiturkana aliyeleta makaa, zimebaki kilo 19. Sasa si gramu 800 tena, ni 633.

Hesabu hii haiongezi hatta punje moja. Faida yake ni nyingine. Nyumba nyingi mume hurudi siku ya 20, akaona gunia limelegea, akasema: "Wewe mwanamke una israfu." Mtoto aliyeifanya hesabu ile skulini ataweza kusema kwa adabu: "Baba, tangu mwanzo hakikutosha." Mashirika ya msaada hupima kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, gramu 105 za mtama, yaani fungu la mtu mmoja katika zile 633, hazifiki hatta robo yake. Mama huyu ameonewa, na ushahidi wake umo katika ubao wa darasa.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema kuwa somo hili ni la wasichana peke yao. Yule mvulana ndiye mume wa kesho atakayelaumu. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake; na imepokewa kwamba alikuwa akijishonea nguo na viatu vyake. Sasa mwanafunzi wa kiume wa Lodwar aone haya kushika sindano?

Liko na jambo la mtoto mchanga. Akitimiza miezi 6 hupewa uji mtupu, akashiba tumbo asinenepe. Uji ule watakiwa kutiwa kijiko cha mafuta, na maharagwe yaliyopondwa au unga wa samaki mkavu wa ziwani, na kunyonya kuendelee. Akiharisha, zipo pakiti za chumvi hospitalini. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya msawazo, huku akipelekwa kwa mganga. Hili na lifundishwe kwa mikono, si kwa kunakili ubaoni, kwani chumvi ikizidi hudhuru.

Mwalimu atasema: "Sina chumba cha mapishi." Hahitaji tanuri. Ahitaji mafiga matatu, sufuria yenye kifuniko, mizani au kopo lililopimwa, na chupa mbili za kulaza juani. Maharagwe yarowekwe tangu usiku, nusu ya darasa wapike yaliyorowekwa na nusu yasiyorowekwa, kisha wayapime makaa yaliyobaki. Waalimu wa madrasa nasi twaweza kutoa saa moja Jumamosi baada ya Alasiri, na kila mtoto aje na kopo la nyumbani kwao, lile lile ambalo mama yake hupimia.