KATIKA KUJITEGEMEA KWA KAZI YA MKONO: DARSA YA VITABU NA ARDHI YA NGERENGERE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaituliza kwa milima, akateremsha maji kwa kadiri. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Yajulikane ya kwamba vitabu vinavyomfundisha mtu kulima chakula chake, kuhifadhi udongo na maji yake, na kuishi pasipo kungojea mkono wa mwingine, vimekuwa vingi katika zama hizi, na wasomaji wengi wa Mwambao hudhani ni elimu mpya iliyotoka Ulaya. Sivyo. Imamu Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 189 wa Hijra (805), aliandika kitabu kizima juu ya kuchuma, akataja humo kazi ya ujira, na biashara, na ukulima, na ufundi. Na Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 (1277), ambaye Minhaji yake husomwa na wanafunzi wa Kishafii tangu Lamu mpaka Kilwa, ameweka katika kitabu hicho mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, na khabari za visima na mito na haki ya maji. Wanafunzi wengi huupita mlango huo kwa haraka, ili wafike katika nikahi na talaka, kwa kuwa huko ndiko kwenye masuali ya watu. Basi mtu huwa amebeba elimu ya ukulima chini ya kwapa miaka mingi, wala hajui.

Suali. Akisema msemaji: Muislamu humtegemea Mwenyezi Mungu, basi neno hili la kujitegemea lina nafasi gani katika dini?

Jawabu. Makusudio ya neno hili ni mtu kutokunjua mkono wake kwa viumbe wenziwe, wala si kujitosheleza na Muumba. Imepokewa katika Tirmidhi ya kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake kisha atawakali, au amwache wazi atawakali, akaamrishwa amfunge kwanza. Na katika Bukhari imekuja maana ya kwamba mtu kuchukua kamba yake akabeba tita la kuni mgongoni, akaliuza, ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime. Na humo humo imekuja khabari ya Nabii Daud, amani iwe juu yake, ya kuwa alikula kwa kazi ya mkono wake, naye alikuwa mfalme. Tawakuli ni kazi ya moyo, na jembe ni kazi ya mkono, na kimoja hakimzuii mwenziwe.

Na mfano ulio karibu na watu wa Pwani ni nchi ya Ngerengere, kwani kila apandaye reli kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro huiona kwa dirisha. Reli ile ilianza kujengwa mwaka 1905 na ikafika Morogoro mwaka 1907. Nayo treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria mwezi wa Juni 2024 ina kituo hapo. Upande mmoja yako mabonde yenye joto, na upande wa pili yainuka milima ya Uluguru, kilele chake kikipita mita 2,600, na kutoka milima hiyo hushuka mto wenyewe uitwao Ngerengere, ukapita mjini Morogoro, ukaenda kuingia Ruvu.

Ardhi ya mabonde hayo ilifanywaje? Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na katika miche iliyotumwa ikafika hai 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 zikatoka shamba kubwa za Tanga na za kandokando ya reli ya kati, Ngerengere ikiwa miongoni mwake. Wakaja manamba kutoka nchi za mbali, kila mmoja na kipande chake chenye siku 30 za kazi, asipozimaliza siku hizo halipwi. Mkonge ukapata bei kubwa, hata mwaka 1964 Tanganyika ikatoa tani zaidi ya 200,000, ikawa ya kwanza ulimwenguni. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka. Serikali ikatwaa sehemu kubwa ya mashamba mwaka 1967, na ilipofika miaka ya 1990 mkonge wa nchi nzima haukufika tani 40,000 kwa mwaka.

Na hapa msomaji atazame vizuri. Mkonge si haramu, wala ujira wa shambani si aibu. Walakini mkonge hauliwi. Mtu aliyeishi kwa kipande alinunua unga dukani, na siku bei ya kamba ilipoanguka katika masoko ya Ulaya, mtu ambaye hajapata kuiona Ulaya alikosa unga Ngerengere. Hiyo ndiyo maana ya kutegemea kilicho mbali. Na vijana wa Mwambao waliokwisha kukata minazi ya babu zao wakauza viwanja, wakakaa kungojea mshahara wa mwezi, hali yao haiko mbali na hali hiyo, ijapokuwa wamevaa kanzu safi.

Vitabu vya kwanza vya serikali juu ya jambo hili vilitoka mwaka 1967. Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi wa Februari, na mwezi wa Machi Mwalimu Julius Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila skuli iwe na shamba na mwanafunzi asiidharau kazi ya mikono, na mwezi wa Septemba akatoa Ujamaa Vijijini. Insafu yataka isemwe ya kwamba mengi katika hivyo ni maneno mazuri, na kwamba katika hicho cha pili aliandika kuwa watu waingie vijijini kwa ridhaa yao. Lakini mwaka 1973 ikatoka amri, na mpaka 1976 watu wakahamishwa, wengine kwa nguvu, wakaacha mashamba waliyoyajua udongo wake. Kitabu kilisema ridhaa, na watendaji wakatumia shuruti. Na katika skuli nyingi shamba lile la elimu likageuka kuwa adhabu ya mtoto mchelewaji, na mtoto aliyeadhibiwa kwa jembe hawezi kulipenda jembe.

Vilivyofanya kazi zaidi, na watu hawavitaji sana, ni vijitabu vidogo vya Mtu ni Afya vya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai vya mwaka 1975. Watu walikaa vikundi vikundi, mmoja akisoma kwa sauti, redio ikiwa mbele yao, kisha wakashauriana watende nini mtaani mwao: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kupanda mboga. Yasemwa ya kwamba waliohudhuria hivyo vya kwanza walipata milioni 2. Na mwenye kuzijua darsa za msikitini baina ya magharibi na isha ataona ya kuwa mpango huo si mgeni kwake.

Ama khabari ya shuruti, Waluguru waliijua kabla ya Uhuru. Mwaka 1950 serikali ya Kiingereza, ilipoona udongo wa milimani unachukuliwa na mvua, iliwalazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi katika mashamba yao. Nia ya kuhifadhi udongo ilikuwa sahihi. Lakini udongo wa mteremko mkali ni mwembamba. Ukichimba ngazi bila ya hadhari, unaufukia ule mweusi wenye rutuba na kuutoa juu ule mwekundu usiozaa kitu. Wakulima wakaona mahindi yanapungua baada ya taabu yote ile, na wakaogopa kuwa anayewapimia ardhi ataitwaa. Mwezi wa Julai 1955 watu wakakusanyika Matombo, polisi wakapiga bunduki, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Lakini upande wa Mgeta, ambako watu walipanda mboga za kuuza Dar es Salaam na wakaona faida ya ngazi kwa macho yao, ngazi zilibaki.

Na leo elimu ile ile yarudi kwa mlango mwingine. Shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, lililoasisiwa Morogoro mwaka 2011, hufundisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta na kupanda majani kingoni, kutia samadi na mboji, na kuchanganya mahindi na kunde ili udongo usikae uchi. Na gazeti la Mkulima Mbunifu, lililoanza zama hizo hizo, huyaandika mambo haya kwa Kiswahili chepesi. Mkulima hupima mteremko kwa miti mitatu iliyofungwa kama pembe tatu, uzi na jiwe vikining'inia kati, chombo kisichogharimu hata senti. Hakuna askari wala faini.

Tanbihi. Msomaji asichukue kila kitabu kama alivyokikuta, hata kikiwa kitukufu, mpaka ajue makusudio yake. Katika Suratu Yusuf imesimuliwa jinsi Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alivyowashauri watu wa Misri kuiacha nafaka katika masuke yake wakati wa miaka saba ya neema, isipokuwa kichache cha kula. Hiyo ilikuwa ngano, katika nchi kavu, na shauri lilikuwa la haki. Lakini mkulima wa Ngerengere akiyaacha mahindi katika magunzi kwa kuifuata khabari hiyo, atapata khasara. Kwani tangu mwisho wa miaka ya 1970 ameingia nchini kupitia Tabora mdudu aitwaye dumuzi, asili yake Marekani ya Kati, naye hupenda hasa mahindi yaliyo katika gunzi, akayafanya unga kwa miezi michache. Dawa yake ni kuyakausha barabara, kuyapukuchua, na kuyatia katika mifuko isiyopitisha hewa ikafungwa sana, mdudu afe kwa kukosa pumzi. Fundisho la sura ni kuweka akiba katika neema kabla ya shida kufika, na hilo halichakai. Namna ya kuweka hufuata nafaka na mahali.

Ama maji, hapo watu wa Dar es Salaam hawana udhuru wa kusema mambo ya Uluguru hayawahusu. Maji yao mengi hutoka Ruvu, kwa mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa mwaka 1959 na wa Ruvu Chini wa mwaka 1976, na Ruvu hunywa kutoka milima hiyo. Mwezi wa Oktoba 2022 mto ulipopungua kwa ukame, mji ukagawiwa maji kwa zamu, na misikiti ikakosa maji ya udhu. Mti ukatwao juu kwa mkaa uchomwao mjini hurudi kwa mchomaji katika mfereji mkavu. Na Mtume (s.a.w.) imepokewa kwake, ijapokuwa wanavyuoni wamesema juu ya isnadi yake, makatazo ya kufanya israfu ya maji katika udhu hata kando ya mto upitao.

Na katika haki ya maji, Minhaji yasema hukumu ya mwenye kuchimba kisima katika ardhi iliyokufa: maji yaliyozidi haja yake hayamlazimu kuyatoa kwa mazao ya mtu mwingine, lakini yamlazimu kuyatoa kwa wanyama wa watu. Mwenye kukumbuka yaliyopita Rudewa, Kilosa, mwezi wa Desemba 2000, ambako watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, atajua ya kuwa mas'ala hii si ya vitabuni tu.

Mas'ala. Katika mazao gani hutoka zaka? Katika madhehebu ya Shafii, ni katika vyakula vikuu viwekekavyo, kama mahindi na mpunga na mtama na kunde, vikifika wasaki tano, nazo hukadiriwa kilo 610 mpaka 650 na kitu kwa khitilafu ya makadirio. Kilichonyweshwa na mvua au mto, hutolewa sehemu ya kumi. Kilichonyweshwa kwa pampu na gharama, nusu ya hiyo. Mboga za Mgeta hazina zaka ya mazao, ila fedha yake ikikaa mwaka nayo imefika nisabu.

Mas'ala. Mtu wa Dar es Salaam akinunua shamba Ngerengere, akamwachia mwenyeji alime kwa nusu ya mavuno, yafaa? Kwanza atazame alilonunua. Ardhi ya Waluguru kwa desturi ni ya ukoo, hurithiwa upande wa mama, na mtu mmoja hawezi kuuza cha wenziwe. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 yaitaka Halmashauri ya Kijiji ihusike. Asiyeuliza haya huenda akawa ananunua ghasbu. Ama kulima kwa nusu, Minhaji yakataza, mbegu ikiwa ya mwenye shamba au ya mlimaji, illa katika ardhi iliyo baina ya mitende kwa kufuata mapatano ya mitende yenyewe. Lakini an-Nawawi mwenyewe katika Raudha alikhitari kujuzu kwake, kwa hadithi sahihi ya Mtume (s.a.w.) alivyowaachia watu wa Khaybar ardhi kwa nusu ya mazao. Basi mwenye kutaka salama zaidi akodishe kwa fedha maalumu, au amlipe mlimaji ujira wa siku. Na mwenye kufuata khiyari ya Raudha hakemewi, maadamu sehemu imetajwa tangu kabla ya jembe kuingia, wala mwenye shamba hakujiwekea kipande chenye rutuba peke yake. Wallahu aalam.