Santuri zetu: jinsi ya kuzitafuta, kuzisoma na kuzitunza



Mhariri aliniomba niandike somo fupi juu ya santuri za Afrika Mashariki baada ya kuniona naingia mkutanoni na boksi kifuani, akadhani nimeanza biashara ya viazi. Nilimwambia mimi si mtaalamu wa muziki, nasomea uhandisi wa maji. Lakini ugonjwa huu ninao mwaka wa sita sasa, na mgonjwa naye huwa anajifunza mambo mawili matatu kuhusu maradhi yake. Mwenye kujua zaidi asisite kunikosoa.

Nianze na kosa langu. Nyumbani kwetu Tanga mzee alikuwa na santuri kama arobaini hivi, zile ndogo za mizunguko 45, ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda. Watoto tulikatazwa kuzigusa. Mwaka 2005, nikiwa darasa la tatu, nikagusa. Tena kwa nia njema: nilizitoa nizifute vumbi, nikazipanga juu ya ukuta wa baraza, halafu wenzangu wakaniita mpirani. Jua la Tanga mwezi wa pili mnalijua. Niliporudi zilikuwa zimejikunja kama papadi. Vinili ni plastiki, ikipata joto hulainika, na ikipoa na umbo lile ndiyo basi tena. Mzee hakunipiga. Aliziokota moja moja, akazirudisha sandukuni, akachukua kofia yake akaenda msikitini. Nadhani ningependelea kupigwa.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe.

Santuri utakazokutana nazo ni za aina tatu. Za zamani kabisa ni za mizunguko 78 kwa dakika. Hizi si plastiki, zimetengenezwa kwa sheleki, yaani ute wa mdudu mdogo anayepatikana India, uliochanganywa na unga wa mawe. Ni nzito na ukiiangusha inavunjika kama sahani ya udongo. Upande mmoja unachukua dakika tatu tu na ushei. Halafu kuna santuri kubwa za mizunguko 33, zilizoingia sokoni Marekani mwaka 1948, na zile ndogo za 45 zilizofuata mwaka 1949. Kwetu Afrika Mashariki ile ndogo ndiyo iliyotawala, maana bei yake iliwezekana. Albamu nzima ilikuwa ya wenye nafasi.

Ukitaka kujua habari yetu ilianzia wapi, anza na Siti binti Saad. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Walivuka bahari kwa sababu huku kwetu studio haikuwepo. Mwanamke aliyezaliwa Fumba na kufinyanga vyungu, sauti yake ikauzwa katika bandari zote za pwani hii! Shaaban Robert aliandika wasifu wake, nao unafaa kusomwa na kila mwanachama wetu. Mimi ninachowaomba mfikirie ni zile dakika tatu. Taarabu haina haraka. Mwimbaji anarudia ubeti, msikilizaji anatoka kutunza, fidla inajibu. Kuingiza mambo hayo yote kwenye dakika tatu ni kama kutia pilau ya harusi kwenye kikombe cha kahawa. Kwa hiyo tunachosikia kwenye 78 si taarabu yote, ni kipande kilichokatwa kulingana na ukubwa wa sahani.

Jambo hilo hilo lilizipata bendi za dansi miaka ya 70, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Kwanza maneno, taratibu, kisa kinaelezwa. Kisha chemko, magitaa yanachangamka na watu wanaamka vitini. Wimbo kama huo ni dakika sita, saba au zaidi, haukai upande mmoja wa 45. Basi waliukata katikati. Lebo inaandikwa "sehemu ya 1" na ukigeuza "sehemu ya 2". Upande wa kwanza sauti inafifia pole pole, wakati mwingine katikati ya mstari, na wewe unainuka kugeuza. Kuna watu wazima wenye akili zao waliokua wakijua upande mmoja tu wa wimbo, kwa sababu nyumbani upande wa pili ulikuwa na mchubuko.

Lebo isomeni kwa makini, ina mengi. Kuna jina la bendi na, kwenye mabano, jina la mtunzi. Utashangaa kuona bendi ya Dar au Morogoro halafu chini imeandikwa kuwa imetengenezwa Kenya. Sababu ni kwamba kiwanda cha kufyatua santuri kilikuwa Nairobi. Bendi za Tanzania zilirekodi kwenye mikanda ya Radio Tanzania kwa ajili ya redio, lakini zikitaka santuri ilibidi kazi iende Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983. Mbaraka Mwinshehe, aliyeiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, katikati ya miaka ile ya mpaka kufungwa.

Tazama pia ile sehemu tupu karibu na lebo, pale sindano inapomalizia. Kuna namba imechorwa. Ilinganishe na namba ya kwenye lebo. Mimi niliwahi kulipa pauni 12 kwa santuri iliyoandikwa taarabu ya Mombasa, kuiweka ikapiga benga. Lebo ilibandikwa vibaya kiwandani. Nilinuna siku mbili, siku ya tatu nikaanza kuipenda ile benga.

Wapi pa kutafuta? Wengi mtasema intaneti. Sawa, ila bei ya huko imeharibiwa na watu wanaonunua ili wauze tena bila hata kusikiliza. Mimi nawaambia nendeni Leicester. Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda mwaka 1972 na kuwapa siku 90, maelfu walikuja mji huu, ingawa halmashauri ya mji ilikuwa imetoa tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasije. Wengine walitoka Kenya na Tanzania. Na kumbukeni biashara ya santuri kwetu ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wahindi: Assanand wa Mombasa, aliyetoa lebo ya Mzuri, Chandarana wa Kericho. Familia zilipohama, baadhi ya santuri zilihama nazo. Leo wazee wanapofariki, watoto wao wanapeleka maboksi kwenye maduka ya mitumba ya hisani.

Mwezi wa tatu nilikuwa nyuma ya Belgrave Road, kwenye duka moja la namna hiyo. Chini ya meza, nyuma ya vyombo vya chai, kulikuwa na boksi. Juu nyimbo za filamu za Kihindi. Nikachimba. Katikati, jalada la karatasi limeliwa pembe, lebo ninayoifahamu rangi yake hata nikiwa usingizini. Super Volcano. Wimbo ule ule wa mzee, sehemu ya 1 na 2. Nadhani nilisema neno kwa sauti, maana mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa kaunta aliinua miwani akaniuliza kwa Kiswahili safi cha Mombasa, "Umepata nini mwanangu?" Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kana kwamba tuko Makadara. Boksi zima akanipa kwa pauni 10. Alinisindikiza hadi mlangoni akiniuliza bei ya madafu siku hizi.

Kuhusu kutunza. Zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine. Vinili ioshe kwa maji yaliyochujwa chumvi na tone moja la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini, ukifuata mzunguko, na lebo usiiloweshe. Santuri ya 78 usiisafishe kwa spiriti hata siku moja, sheleki inayeyuka. Tena 78 inataka sindano yake, nene zaidi, kwa kuwa mfereji wake ni mpana. Na mbali na dirisha, jamani. Hilo sina haja ya kulieleza.

Wasio na pleya wasikate tamaa. Kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa taarabu ya Unguja na Mombasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 80, na Buda Musique ya Ufaransa ilianza mfululizo wa Zanzibara mwaka 2005. Vijitabu vilivyomo ndani vina maelezo ya kutosha. Inaniuma kidogo kwamba lazima nikanunue Paris kilichoimbwa Vuga, na kwamba wanamuziki wengi walilipwa mara moja tu wimbo ukishauzwa, basi. Lakini kama wale jamaa wasingefanya kazi hiyo, nusu ya nyimbo hizo tusingezisikia.

Usiku ule niliosha santuri yangu, nikasubiri ikauke, nikampigia mzee. Huko ilikuwa karibu saa sita, akadhani kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba baba, sikiliza tu. Nikaweka simu karibu na spika.

Lazima niwaambie kitu. Santuri ya mzee ilikuwa na mkwaruzo kwenye ubeti wa pili, sindano ilikuwa inaruka na neno linarudiwa mara tatu. Mimi nilikua nikijua kwamba Mbaraka ndivyo alivyoimba. Hii ya Leicester haina mkwaruzo. Ilipofika pale, mwimbaji akapita moja kwa moja, na kwenye simu nikamsikia mzee akiimba neno lile mara ya pili, ya tatu, kisha akanyamaza kwa kuwa ameachwa nyuma. Akacheka hadi akakohoa.

"Hiyo siyo yangu," akasema. "Yangu ilikuwa inakwama hapo."

"Ndiyo baba. Yako niliiharibu."

"Najua. Geuza upande wa pili."

Naipeleka Tanga Desemba, mkononi, katikati ya kadibodi mbili. Santuri nyingine za boksi lile zitakuwa kwenye chumba cha jumuiya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mwenye kutaka kusikiliza aje. Chai ipo, ila vikombe viwekwe mbali na pleya.